Mzee alikuwa dereva wa jeshi, baba mdogo anataka tuandike komando

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa tatu, naandika kutoka Tabora. Baba yetu amefariki hivi karibuni, alikuwa mstaafu wa JWTZ na vita ya Kagera alikwenda. Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa fasta fasta, kazaliwa lini, kasoma wapi, kaugua nini, basi. Sasa arobaini inakuja na familia imenipa mimi niandike kitu cha maana tukichape kijitabu kidogo tuwagawie watu. Shida ni kwamba baba habari za vita alikuwa haongei kabisa, ukimuuliza anabadilisha mada. Mama anasema alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo kwa wenzake huko mbele. Baba mdogo kakataa, anataka niandike alikuwa komando na aliingia Kampala na wale wa kwanza kabisa, ati dereva haijakaa vizuri mbele za watu. Afu kaka zangu nao wanataka siku hiyo wavae kombati zake zilizoko kwenye sanduku. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba. Ngoja nianze na baba mdogo maana ndo kakubana kweli kweli.

Andika dereva. Tena andika kwa herufi kubwa kama kuna nafasi. Si unajua hali ilivyokuwa, Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yameingia Kagera, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasimama akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, wote tuliosikiliza redio tunaikumbuka. Sasa baada ya hotuba kuna kazi. Jeshi, polisi, magereza, JKT, mgambo, watu maelfu kwa maelfu wanatakiwa wafike mpakani kule kaskazini magharibi, mbali na kila kitu, na kila mmoja anakula, anahitaji risasi, na magari yanataka mafuta. Serikali ilichukua mpaka malori na mabasi ya watu binafsi ili mzigo ufike. Mvua zinanyesha, barabara ni tope, Kyaka mnavuka mto Kagera kwenye daraja la muda maana lenyewe watu wa Amin walilipua, na baadae kadri vijana wanavyosonga ndani ya Uganda safari ya dereva ndo inazidi kuwa ndefu, Masaka huko, Mbarara huko, na lori lililojaa risasi au petroli sio mahali pa kukaa ukijisikia salama. Mwambie baba mdogo, hao makomando wake walikuwa wanakula nini kama madereva hawakuwepo?

Halafu kuna hatari nyingine ambayo yeye haioni. Tabora ni mji wa wanajeshi tangu zama za mkoloni, wastaafu wamejaa, na arobaini watakuja. Mzee mmoja atasimama na fimbo yake aulize, huyu alikuwa brigedi gani? Maana sio wote walifika Kampala. Mji ulipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 kuna waliokuwa upande wa Mbarara, wengine wako Entebbe, wengine wako nyuma kabisa wanalinda njia. Ukiandika uongo utaaibika pale pale na kijitabu kiko mikononi mwa watu.

Kwa hiyo nenda kwa hao wazee kabla ya arobaini. Beba picha ya marehemu na namba yake ya jeshi, ile inayoanza na MT, itakuwepo kwenye karatasi za kustaafu au za pensheni. Waulize kikosi gani, alikuwa anabeba nini, alirudi lini. Hilo la kurudi uliza vizuri kwa sababu familia nyingi zinadhani Kampala ilipoanguka baba alipanda gari akaja nyumbani, kumbe mapigano yaliendelea mpaka mwanzoni mwa Juni karibu na mpaka wa Sudan, na askari wetu wengine walibaki Uganda mpaka 1981. Labda ndo maana mmoja wenu alizaliwa mzee hayupo, sijui, muulize mama.

Na ambacho hakukisema usikijaze. Andika tu kwamba habari za vita alikuwa haongei, watu wazima wataelewa.

Nafasi kubwa ya kijitabu ipeleke nyumbani. Ila tafadhali usiniandikie "alikuwa baba mwenye upendo na mcheshi", hiyo iko kwenye kila wasifu nchi hii, hata wa wale waliotelekeza watoto. Kaa na mama jioni moja bila haraka. Muulize mume yuko Uganda yeye alikuwa anaishi kwa nani, habari zilikuwa zinamfikiaje. Muulize miaka ile waliporudi, Mwalimu katuambia tufunge mikanda miezi 18 na miezi ikawa miaka, sabuni hakuna, sukari ni foleni duka la kaya, unga wenyewe ule wa yanga, wa mahindi ya njano, watoto mnaongezeka, mzee alikuwa anafanyaje mle? Alilima? Alibeba nini kwenye lori akirudi safari? Na nyie watoto kila mtu alete kitu kimoja alichokiona kwa macho yake, kama aliwafundisha kutandika kitanda kijeshi shuka halina kunyanzi, au aliwaamsha saa kumi na moja alfajiri wakati wa likizo, andika hivyo hivyo na mlivyokuwa mnalalamika.

Kombati, hapana. Raia haruhusiwi kuvaa wala kukaa na sare za jeshi, na Agosti 2023 JWTZ wenyewe walitoa siku saba watu wazisalimishe, nashangaa za kwenu bado ziko sandukuni. Kaka zako wasizivae hata za kupigia picha, wakazikabidhi kambini au polisi wiki hii, waende na mtu mzima mmoja wa familia aeleze kuwa ni za marehemu. Kama aliacha medali, hiyo iwekeni mezani pembeni ya picha yake, na baba mdogo mpeni yeye kazi ya kuwaeleza wageni ilipatikanaje, ila kwanza asome ulichoandika.