Dishi kubwa la mota: kabla hujailaumu LNB, kaangalie nguzo

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa mdau mmoja, nauweka hapa karibu kama alivyouandika: "Mkuu nimefunga dishi la futi nane la mota, satelaiti ya katikati inashika safi kabisa, nikipeleka mashariki inafifia, nikipeleka magharibi kiza. Fundi keshabadilisha LNB mara mbili, sasa anasema mota ni mbovu ninunue nyingine. Nifanyeje?"

(LNB ni kile kidude kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi.) Nimeusoma nikakaa kimya kwanza. Huyu ndugu kaniandikia maisha yangu mwenyewe! Mimi nimepita hapo hapo, sio kwa wiki moja, kwa miezi, na nikisema naijua hiyo hali ya kusimama nje usiku na rimoti mkononi unangoja mstari wa kijani upande na haupandi, naijua kweli. Kwa hiyo ushauri ninao, ila kwanza nieleze yaliyonikuta, ukiyajua hayo ushauri wenyewe utaingia bila shida.

Dishi langu nililipata kwa mtu aliyekuwa anahama, la futi nane, yaani mita 2.4, la vipande sita vya kufunga kwa boliti, na mkono wake wa kusukuma wa volti 36, wenye mota ndani ya kugeuza dishi, ambao sisi wengi tunauita jeki. Nilikuwa nalitamani dishi la namna hiyo tangu nikiwa mdogo. Dishi dogo lililogandishwa linaangalia satelaiti moja tu basi, umefungwa hapo mpaka siku mwenye chaneli ahame. Dishi la mota linatembea mbinguni. Zile satelaiti zote zipo juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zimejipanga kwenye mstari mmoja kama shanga, na ukiweza kuufuata ule mstari kutoka upande mmoja mpaka mwingine unapata nchi kibao na lugha kibao, na mpira wa ligi ambazo hata hukuwahi kuzisikia, bila kumlipa mtu kwa mwezi. Ndiyo ndoto yenyewe, na naamini wewe unayesoma hapa unayo vilevile.

Ya kuchimba shimo na kukoroga zege sitayaeleza, kila mtu anajua. Nikamwita fundi. Alikuja jioni jua linazama, kasimamisha bomba kwa macho, kalitazama hivi kwa mbali kasema limenyooka, tukamwaga zege. Baada ya siku chache akarudi, kapandisha dishi, kahangaika kama saa nzima na spana, mara kalegeza huku mara kakaza kule, picha ikatoka. Mama watoto alipiga makofi! Nikamlipa hela yake yote, akaondoka.

Asubuhi yake nikabonyeza magharibi. Jeki ikalia, dishi likageuka taratibu, na signali ikashuka mpaka sifuri. Nikarudisha katikati, ipo. Mashariki, hamna. Nikampigia, akasema LNB. Nikanunua LNB. Hamna. Akasema kebo, nikabadilisha kebo yote, hamna. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, kazunguka dishi mara moja tu, akaniambia mbele ya watoto wangu kwamba hilo dishi limekufa, nikaliuze chuma chakavu, na kwamba kazi ya mota sio ya mtu wa nyumbani. Niseme ukweli, ile kauli bado inaniuma mpaka leo. Sikumjibu. Ila usiku ule nilikaa chini nikaanza kujifunza mwenyewe tangu mwanzo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupima dishi lenyewe kama limepinda. Unachukua kamba mbili nyembamba, unazivuta kutoka ukingo hadi ukingo ziwe msalaba, zimebana kabisa. Pale katikati zinapopishana zinatakiwa zigusane kidogo tu, kama kubusiana. Kisha unabadilisha, ile iliyokuwa juu iende chini, unaangalia tena, maana ya juu inaweza kuwa inaikandamiza ya chini ukadhani zimekutana vizuri. Kwangu ziliachana kwa sentimita moja na nusu. Dishi lilikuwa limejikunja kama chipsi! Nikalegeza boliti zote za vile vipande, nikavuta ukingo kwa kamba mpaka zile za msalaba zikagusana, nikakaza tena moja moja huku nikiruka upande wa pili kila mara. Signali ya katikati ikapanda. Pembeni bado hamna.

Ndipo siku ya pili nikafunga nati nzito kwenye kamba nikaining'iniza juu ya nguzo. Nikachukua rula. Juu, kamba ilikuwa sentimita moja kutoka kwenye bomba. Chini, mita mbili kutoka pale nilipopima, ilikuwa sentimita tano. Nilipima mara nne kwa sababu sikuamini. Sentimita nne kwenye mita mbili ni zaidi kidogo ya digrii moja, na mtu atakwambia digrii moja ni nini bwana. Sikiliza sasa. Dishi la mita 2.4 kwenye mawimbi ya C, pale gigahezi 4, jicho lake, yaani kipande cha anga linachokiona kwa mara moja, lina upana wa kama digrii 2.2 tu, na kwenye mawimbi ya Ku pale gigahezi 12 ni kama digrii 0.7. Dishi likiwa kubwa jicho linakuwa jembamba, ndiyo bei ya kushika mawimbi dhaifu. Kwa jicho jembamba hivyo digrii moja ni kubwa sana.

Na kinachoua sio kule kuinama peke yake. Nguzo ikiinama, kila unapozungusha dishi kwenye nguzo unabadilisha na mwinuko wake (kutazama juu au chini) bila kujua, ukirekebisha mwinuko unaharibu uelekeo, unakimbizana nao usiku kucha. Satelaiti moja unaweza kuipata hata kama vyote vimekaa kombo, kwa sababu kwa nukta moja kuna njia nyingi za kuifikia. Ndicho alichonifanyia yule fundi. Alitafuta nukta moja, akaipata, akaniachia nyingine zote. Kwa hiyo ukiona katikati inashika usishangilie, hiyo haijathibitisha kitu.

Nilivunja lile zege. Ndiyo, nilivunja, kwa nyundo, wikiendi mbili. Bomba la inchi tatu, shimo la mita moja na zaidi, na safari hii nikachomelea kipande cha chuma chini kikae msalaba ili nguzo isije ikazunguka ndani ya zege. Watu wanasahau upepo. Dishi la mita 2.4 ni eneo la kama mita za mraba 4.5, mara nne ya dishi la mita 1.2, na upepo unalisukuma mara nne vilevile. Kama huna nguzo ya kubeba hiyo kazi basi usianze. Nikaweka pima maji pande mbili za bomba, nikafunga mihimili ya mbao, na kila baada ya dakika chache nilirudi kupima zege lilipokuwa linashika. Kisha nikaliacha wiki nzima sikuligusa, ingawa mikono ilikuwa inawasha.

Halafu uelekeo. Dira usiiamini karibu na chuma, na hata mbali na chuma kaskazini ya dira sio kaskazini ya kweli, kuna tofauti kulingana na ulipo. Mimi nilitumia kivuli cha nguzo yenyewe. Kama nguzo imenyooka, kivuli chake kikiwa kifupi kuliko vyote kwa siku hiyo kimelala kwenye mstari wa kaskazini na kusini kamili. Na saa sita ya saa yako ya mkononi sio lazima iwe saa sita ya jua. Kwa hiyo chora duara kuzunguka nguzo, weka kijiti pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, weka kingine inapogusa tena mchana, gawanya katikati ya vile vijiti, mstari kutoka nguzo hadi hapo ndio wenyewe. Nilikaa pale siku nzima na kofia, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Baada ya hapo kazi inakuwa na utaratibu. Mhimili wa kuzungukia unauinamisha sawa na latitudo yako, halafu dishi unaliinamisha tena kidogo lielekee Ikweta, ambapo kwa mtu wa latitudo 40 ni kama digrii 6.3 na kwa aliye juu ya Ikweta ni sifuri. Peleka jeki mpaka dishi liwe kwenye kilele cha safari yake, tafuta satelaiti iliyo karibu na longitudo yako, na hapo rekebisha mwinuko tu. Nenda mwisho wa mashariki na mwisho wa magharibi, huko zungusha kwenye nguzo tu. Katikati ni mwinuko, pembeni ni kuzungusha. Ukichanganya hivyo viwili umerudi mwanzo.

Na usikimbilie spana, tumia mkono kwanza. Ukiwa pembeni, sukuma ukingo wa dishi juu kidogo, kisha chini kidogo, huku mtu ndani anakusomea asilimia (kwangu ni binti yangu, alikuwa anaimba namba dirishani). Kama mashariki linataka juu na magharibi linataka chini, zungusha kidogo kuelekea mashariki, yaani upande unaotaka juu. Kama pande zote mbili zinataka juu, au zote zinataka chini, basi tatizo ni mwinuko, rudi katikati. Kwa aliye karibu kabisa na Ikweta mstari unapita utosini, kwa hiyo utaona kaskazini na kusini badala ya juu na chini, ila akili ni ile ile. Na kuzungusha ninakosema ni kwa unene wa kucha, weka alama ya kalamu kwenye bomba kabla hujalegeza chochote.

Jeki nayo ina tabia zake. Waya mbili za mota ziwe nene, umeme unapotea njiani kama kebo ni ndefu na jeki inakuwa mvivu. Waya mbili za kuhesabu mizunguko ziwe na ngao yake, la sivyo mota inaingiza kelele, hesabu zinaruka, na leo satelaiti ipo namba hii kesho imehama. Na kabla ya yote weka mipaka ya mashariki na magharibi, yaani pale jeki inapotakiwa kusimama yenyewe. Mimi niliichelewesha siku moja tu, nikabonyeza nikaingia ndani kunywa maji, nikasikia chuma kinalia nje. Mkono ulikuwa umelisukuma dishi mpaka likagusa nguzo, bomba la ndani la jeki likapinda. Mipaka kwanza jamani, kabla ya picha!

LNB sasa, kwa sababu najua mtaniuliza. Umbali wa kuiweka hausomwi kwa macho: chukua kipenyo cha dishi, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa kina cha dishi mara 16. Dishi la mita 2.4 lenye kina cha sentimita 40 linatoa sentimita 90. Pima kutoka katikati, halafu pima na kutoka ukingoni sehemu nne, zote zilingane, ndipo ujue imekaa katikati. Kwa mawimbi ya C yanayokuja yakijizungusha, ambayo tunayaita C ya mzunguko, usisahau kile kibao cha plastiki nyeupe ndani ya koo la LNB. Na kama unakaa jirani na mnara wa 5G, ujue mnagombania masafa, tafuta LNB yenye kichujio.

Siku nilipomaliza ilikuwa usiku wa saa tano. Nilibonyeza kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine na zikawa zinakuja moja baada ya nyingine bila kugusa spana, hii hapa, hii hapa, hii hapa. Niliita nyumba nzima. Ndugu zangu, usikubali mtu akuambie kitu chako kimekufa wakati hajakipima. Mtu asiye na kamba wala rula wala pima maji anapokwambia ni mbovu, anakuambia amechoka. Jifunze mwenyewe, pima mwenyewe, ukishajua hakuna wa kukutisha. Oktoba 2024 satelaiti ya Intelsat 33e ilipasuka vipande kule digrii 60 mashariki, na wenye madishi yaliyogandishwa pale wakabaki na ukuta mweusi mpaka wapate mtu wa kuja kugeuza. Mwenye mota alibonyeza tu akaenda kutafuta pengine.

Kitu kingine ninachokifanya mpaka leo ni kungoja Machi na Septemba, pale jua linapopita nyuma ya satelaiti na picha inakatika dakika kadhaa mchana kwa siku chache. Wengine wanalalamika, mimi natoka nje. Wakati huo kivuli cha LNB kinatakiwa kidondoke katikati kabisa ya dishi, na kwa kuwa jua linatembea mstari mzima siku hiyo hiyo, unaweza kuhamisha dishi ukakagua satelaiti moja baada ya nyingine. Usiweke uso wala mkono mbele ya LNB wakati huo, joto linakusanyika pale, na kwa sababu hiyo hiyo usipake dishi rangi ya kung'aa.

Sasa mkuu uliyeniandikia, usinunue mota. Kesho asubuhi kabla upepo haujaanza, funga nati kwenye kamba, ining'inize pembeni ya nguzo, pima juu na chini, kisha hamia upande wa pili robo mzunguko, pima tena juu na chini. Nitumie hizo namba nne.