Kabla Hujamwita Mgonjwa Msumbufu

Wakati wa kupokezana zamu kuna mgonjwa ambaye muuguzi anayeondoka humtaja huku akishusha pumzi: "Huyo wa dirishani mtajionea wenyewe." Kuanzia hapo kila atakachofanya kimeshapata maelezo. Akitetemeka, ni visa vyake. Akisema hapati hewa, ndiyo kawaida yake. Wagonjwa wagumu wapo, sibishi, na wengine wamenitukana hadi nikaenda kusimama stoo nitulie. Lakini sifa hiyo ikishaingia kwenye ripoti, tunaacha kupima.

Kwa hiyo anza na mwili. Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho, hutetemeka na kugombana na kila anayemkaribia. Oksijeni ikipungua hatulii, na huenda akaivua barakoa ile ile inayomsaidia. Donge la damu kwenye mapafu linaweza kujitokeza kama hofu kubwa na mapigo ya kwenda mbio. Mzee anayeng'ang'ania kushuka kitandani pengine kibofu kimejaa na mkojo hautoki, au ana maumivu asiyoweza kuyaeleza. Aliyezoea pombe kila siku huanza kutetemeka na kuhangaika ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kwa hatari hufuata kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, wakati wodi nzima imeshamchoka. Hata dawa ya pumu ya kuvuta hutetemesha mikono na kuongeza mapigo.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla nako hupanda na kushuka. Asubuhi anakusalimia vizuri, jioni anakuona adui. Muulize ndugu aliyekuja kumtazama, "Nyumbani yuko hivi?" Akijibu "huyu siye tunayemjua," mwite daktari. (Wapo pia wanaochanganyikiwa kimyakimya, wamelala tu, nasi tunawasifu kwa utulivu wao. Hao ndio tunaowachelewa zaidi.)

Ukishapima na kuona ni hofu, bado hofu hiyo ina mwili. Anayepumua haraka mno hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi, ndipo vidole na midomo hufa ganzi, naye anazidi kuamini anakufa. Kumwambia "tulia" hakusaidii kitu. Kaa, usimsimamie kichwani, upumue naye: kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ile njia ya zamani ya kumpumulisha ndani ya mfuko wa karatasi iache kabisa. Kama tatizo ni moyo au mapafu utampunguzia oksijeni. Anayeogopa sindano muulize kama amewahi kuzimia, na kama ndiyo, mlaze kwanza. Kisha mwachie achague mkono upi. Usimuulize kama anataka kuchomwa ilhali jibu la "hapana" hujajiandaa kulipokea.

Kengele ndiyo inayotumaliza nguvu. Anayebonyeza kila baada ya dakika chache, mara maji, mara shuka, aghalabu anataka kujua kama kuna mtu atakayekuja. Nenda kabla hajabonyeza. Mtajie saa hasa, "Nitarudi saa nne na nusu," na ifikapo uwe pale hata kama huna jipya, hata kama ni kumwambia daktari bado hajafika. Ahadi za "nakuja sasa hivi" ndizo zinazomfundisha kubonyeza tena. Inakula muda mwanzoni, kisha muda unarudi.

Matusi yana mpaka wake. "Baba, nitakuhudumia, lakini matusi sitayakubali. Narudi baada ya dakika 10." Halafu rudi kweli, la sivyo umemwadhibu tu. Akianza kurusha mikono, simama karibu na mlango, vua stethoskopu shingoni, ita wenzako. Kumfunga kitandani kunaweza kumzidishia fadhaa na kumjeruhi. Kusiwe jambo la kwanza kulifikiria.

Na zamu zote zikubaliane. Mmoja akiruhusu ndugu walale wodini na mwingine akawafukuza, wa pili ataitwa katili na mgonjwa atajua nani wa kumwendea. Kwenye faili usiandike "mkorofi." Andika: "Saa 2:15 usiku alikataa kanula (mrija wa mshipani), akasema kaka yake alifia kwenye dripu." Sentensi hiyo inampa muuguzi wa asubuhi pa kuanzia.

Ukihisi humwezi tena, omba mbadilishane mgonjwa. Ni heri hivyo kuliko kumpita kitandani ukijifanya hujamsikia. Na unapokabidhi zamu, mtajie mwenzako kinachomtisha, kinachomtuliza, na saa uliyomwahidi kwamba mtu atafika.