Mvuke hauui kilichojificha chini ya damu iliyoganda

Ukipangiwa chumba cha kutakasia vifaa, usidhani umetupwa pembeni. Mama anayejifungua usiku na mtoto anayekatwa kitovu wako mikononi mwako, ingawa hawatakuona. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi katika vituo vidogo vya afya, na kila muuguzi mgeni huwa namwambia kwanza hili: kuua vijidudu kunaanzia kwenye karo, kwa brashi na sabuni.

Chukua mkasi wa kukatia kitovu. Ufungue, utazame pale mapande yake mawili yanapoungana. Damu hujificha hapo. Ikikauka inakuwa gamba gumu, na vijidudu vilivyo chini yake vinaweza kunusurika hata vikipita kwenye mvuke. Kwa hiyo usiache vifaa vikauke kwenye trei mpaka asubuhi. Sugua maungio, na meno ya koleo pia, huku kifaa kikiwa kimezama majini, maana ukisuguia juu ya maji matone yatakurukia machoni. Vaa glavu nzito za mpira, zile za kumpimia mgonjwa hazitoshi.

Wengi wetu tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini kabla ya kuviosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 haushauri tena hivyo, na mimi naafiki kabisa. Damu hudhoofisha klorini, klorini nayo hula chuma, na mfanyakazi akishasikia ile harufu kali anaona kazi imekwisha. Klorini ibaki kwa damu iliyomwagika sakafuni. Kama dawa yako ni ya asilimia 3.5, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji inakupa asilimia 0.5. Soma chupa kwanza, kwani nguvu zinatofautiana. Changanya mpya kila siku, na usiikutanishe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayounguza mapafu.

Tukija kwenye mashine ya mvuke, adui ni hewa. Acha valvu wazi mpaka mvuke utoke mfululizo, ndipo ufunge. Hewa ikibaki ndani, geji inaweza kuonyesha presha kamili wakati joto halijafika nyuzi 121. Anza kuhesabu joto likishafika, si pale unapowasha jiko: dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa kwa kitambaa. Mikasi iwe wazi, vifurushi visibanane. Ile tepu inayobadilika rangi inakuonyesha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, haithibitishi kwamba ndani hakuna kijidudu kilicho hai. Kisha vikauke humo humo. Kitambaa kibichi hupitisha vijidudu kutoka mezani hadi kwenye kifaa, na kifurushi kilicholowa kinarudi kuanza upya.

Kuna wanaouliza, kwa nini tusichemshe tu? Kuchemsha dakika 20, kuanzia maji yanapotokota, kunaua vijidudu vingi sana. Lakini bakteria wa pepopunda hujifungia ndani ya spora, ganda gumu linaloweza kustahimili maji yanayochemka. Pepopunda kwa mtoto mchanga huingilia kwenye kitovu, na ndiyo maana sikubali sufuria ichukue nafasi ya mashine ya mvuke wakati mashine ipo na inafanya kazi.

Gesi ikiisha dakika ya 25, badilisha mtungi na uanze kuhesabu kutoka sifuri joto likishafika tena. Usijumlishe vipande vya muda. Mwenzako wa chumba cha kujifungulia akigonga mlango kwa haraka, mwambie atumie seti ya akiba, na kama kituo hakina seti ya akiba, hilo ndilo ombi la kwanza la kumpelekea mganga mfawidhi wiki hii.