Kijiji chenu kikiingizwa kwenye ukanda wa uwekezaji, hakikisheni ofisi zinakaa meza moja

Jamani, hii nawaandikia ndugu zangu wa Zinga, Mlingotini, Kondo, Pande na yeyote ambaye kijiji chake kimeguswa na ukanda maalum wa kiuchumi, yaani eneo serikali imelitenga kwa ajili ya wawekezaji. Mimi nimekaa kwenye mambo ya kamati ya ardhi huku Bagamoyo muda mrefu, na kinachotuumiza sana ni ofisi kutoongea zenyewe kwa zenyewe, alafu mwananchi ndo anapigwa danadana.

Angalia wenyewe walivyo wengi. Ukanda ulikuwa chini ya EPZA (mamlaka ya maeneo ya uwekezaji wa kuuza nje), na 2025 ikaunganishwa na TIC (kituo cha uwekezaji) ikawa mamlaka moja, TISEZA. Bandari ya Mbegani ni TPA, barabara kuu TANROADS, za ndani TARURA tangu 2017, maji DAWASA, umeme TANESCO, na halmashauri imebaki na shule, zahanati, taka na vibali vya ujenzi. Kila mmoja ana bajeti yake na bosi wake. Sasa mtu paa linavuja anataka abadilishe bati, ofisi moja inamwambia hili eneo limeshachukuliwa kaulize kule, akifika kule anaambiwa hujalipwa bado ni lako rudi ulikotoka, bati ziko uani zinapata kutu na mvua za masika hizo zinaingia.

Na msidhani ni jambo la mwaka mmoja. Mkataba wa awali wa bandari na Wachina ulisainiwa 2013, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi Oktoba 2015, 2019 ukasimamishwa, 2021 Rais Samia akatangaza kuufufua. Miaka yote hiyo watendaji wanahama, wakurugenzi wanahama, wakuu wa wilaya wanabadilishwa, na anayekuja anaanza upya kabisa kama hakuna karatasi. Kwa hiyo kila barua ipite masijala, igongwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na muhtasari wa kila kikao ukae ofisi ya kijiji na kopi nyingine kwa mjumbe mnayemuamini.

Kwenye uthamini, yaani kupima thamani ya mali yako ili ulipwe fidia, hapo ndo pa kuwa makini kweli kweli. Mthamini anapopita usimuachie mtoto nyumbani, tembea naye shamba zima, mnazi unaozaa na mnazi mchanga bei zake tofauti, hesabu na wewe kwenye daftari lako. Utapigwa picha mbele ya nyumba umeshika kibao chenye namba, ile namba iandike, na fomu usiisaini ikiwa na sehemu tupu, yaani hata kama wanasema wana haraka. Ile fomu inapita kwa viongozi wa kijiji na kata mpaka kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo jina likikosewa herufi moja huku chini linakuja kusumbua kule benki. Piga fotokopi. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 kuna riba, na miaka 2 ikipita uthamini unarudiwa. Wengi hawalijui hili, na usipolidai sijaona anayekukumbusha.

Sasa hela za halmashauri, hapa naomba madiwani wanisikilize. Chini ya sheria ya EPZ ya 2002, ile ya maeneo ya uwekezaji wa kuuza nje, mwekezaji alisamehewa tozo za serikali za mitaa kwa miaka 10. Kampuni ya kawaida inailipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake, ila hii ya ndani ya ukanda ilikuwa hailipi kwa miaka hiyo, na huku vibarua wanakuja na familia zao, darasa linajaa, zahanati inajaa, taka zinaongezeka. Tena mikopo ya asilimia 10 ya kina mama, vijana na wenye ulemavu inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kwa hiyo kisipoingia kitu hata yule mama wa mwani pale Mlingotini anakosa. Mimi siupingi msamaha, mwekezaji lazima avutiwe, ila halmashauri ikae na mamlaka ya ukanda mapema waandikiane nani anajenga madarasa, nani anazoa taka, na vijana wa hapa wanapataje ajira. Maandishi, sio ahadi za jukwaani.

Na kikao cha kuwakutanisha wote msimuombe mkurugenzi peke yake, manake mkurugenzi hana nguvu ya kumuita TANROADS wala DAWASA akaja. Mkuu wa wilaya anayo. Pelekeni hoja mkutano mkuu wa kijiji (kisheria ni kila miezi mitatu, msikubali urukwe), ipande kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe, barua iende kwa mkuu wa wilaya na nakala kwa kila ofisi niliyoitaja juu. Huku kwetu tulipofanya hivo wakaja watu wa ofisi tofauti wakakaa kwenye viti vya plastiki pale ofisi ya kata, na suala la wanaosubiri fidia kuruhusiwa kukarabati nyumba likajibiwa siku hiyo hiyo mbele ya wote, likaandikwa. Kwenye barua wekeni swali moja au mawili tu yenye jina la kitongoji na namba za viwanja, malalamiko ya jumla yanajibiwa kwa jumla.