Jibu: Gramu 500 za unga ni vikombe vingapi?

Dada, umesema mapishi yako ya maandazi yanataka gramu 500 za unga wa ngano na huna mizani. Kwa kikombe cha kupimia cha mililita 250, weka vinne, kasoro kidogo.

Ila angalia unavyochota, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukizamisha kikombe kwenye mfuko na kushindilia, kinabeba gramu 150 au zaidi. Ukijaza kwa kijiko taratibu, bila kugongagonga, kisha ukasawazisha kwa mgongo wa kisu, unapata kama 130. Kwa vikombe vinne hiyo ni tofauti ya gramu 80 nzima, na donge litakuwa gumu hata ukilikanda vipi.

Kama una kikombe cha chai tu, hakuna shida. Nunua pakiti ya unga ya kilo moja, upime yote kwa kikombe hicho, uhesabu, kisha ugawe 1000 kwa idadi uliyopata. Vikitoka vinane, kila kimoja ni gramu 125. Mimi naamini njia hii kuliko jedwali lolote, kwa sababu inapima kikombe chako na mkono wako.

Usihamishie hesabu ya unga kwenye vitu vingine, tafadhali. Kikombe kile cha mililita 250 kinaingia maji gramu 250, mafuta ya kupikia kama 230, sukari kama 200. Hamira ya chenga pima kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa: ni gramu 3 hivi.