Mtoto amenunua vitu ndani ya gemu: angalia vidole vilivyosajiliwa kwenye simu yako

Dada yangu, umesema mwanao wa miaka 7 amelipia vitu vya gemu vya shilingi 85,000 kwenye simu yako juzi jioni, baba yake anamwita mwizi, na unauliza kama umnyang'anye simu kabisa. Kabla hujasoma mengine, ingia tovuti ya Google Play kwa akaunti yako, fungua historia ya maagizo, na kwa kila ununuzi omba kurudishiwa hela. Andika ukweli kwamba ni mtoto aliyebonyeza. Fanya hivyo kabla saa 48 hazijaisha, kwa sababu zikipita mara nyingi unaelekezwa kwa watengenezaji wa gemu, na huko ndiko nilikokwama mimi.

Yalinikuta mwaka jana, wangu akiwa na miaka 8. Nauza vitenge, simu ni hiyohiyo moja ya biashara na ya nyumbani, na kadi ya benki niliiunganisha ili nilipie nafasi ya kuhifadhi picha za mzigo. Kila ununuzi ulitakiwa kuthibitishwa, nilishaweka hivyo. Kwa hiyo ujumbe wa benki wa 2,600 ulipoingia niliudhania makato ya kawaida. Ukaja mwingine wa 2,600, kisha 13,000. Siku ya tatu niko Kariakoo natafuta mzigo, naangalia simu: 26,000 mara tatu. Jumla 96,200. Miguu iliniisha nguvu palepale.

Nilipomuuliza hakuficha. "Mama, nilibonyeza almasi za gemu, ikasema niweke kidole." Nikaelewa. Miezi kadhaa nyuma nilimsajilia kidole chake ili aweze kufungua simu na kuona kazi za shule kwenye grupu la WhatsApp la wazazi nikiwa jikoni. Na ununuzi ukiruhusiwa kwa alama ya kidole, unakubali kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu hiyo, cha mama au cha mtoto. Wenzetu waliojibu swali lako wamekwambia uweke nenosiri, na hakuna aliyeligusa hili.

Basi anza na mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, ufute kila kidole na kila sura isiyo yako. Halafu fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia mipangilio, utafute sehemu ya kuthibitisha ununuzi. Zima kidole, libaki nenosiri la akaunti, na lisiwe lile unalofungulia simu, maana hilo ameshalikariri kwa kukutazama tu. Chagua kuulizwa kwa kila ununuzi. Ile ya kila dakika 30 usiiguse: wewe unalipia kitu chako kimoja, mtoto anapokea simu, na kwa nusu saa nzima hakuna kinachomzuia.

Hili la muda mwambie na baba yake. Januari 2014 Apple ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuwarudishia wateja si chini ya dola milioni 32.5 kwa manunuzi ya watoto. Lalamiko mojawapo lilikuwa kwamba mzazi akishaweka nenosiri mara moja, mtoto aliweza kuendelea kununua kwa dakika 15 bila kuulizwa tena. Wale hawakuwa watoto wezi, na wako si mwizi.

Kama nyumbani kuna iPhone, ingia mipangilio yake ufungue Screen Time, kwenye vizuizi vya maudhui uzuie kabisa ununuzi wa ndani ya programu. Mtoto mwenye simu au tableti yake mwenyewe mfungulie akaunti ya mtoto kwa Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ombi la kununua kupitia Google Play lije kwako kwanza.

Mimi zile 78,000 za siku ya mwisho zilirudi. 18,200 za mwanzo hazikurudi, na wenye gemu hawakunijibu mpaka leo. Kadi ya benki nimeitoa. Nikihitaji kulipia, natumia kadi ya mtandaoni ya kwenye hela za simu, naweka kiasi kilekile cha siku hiyo.

Kuhusu kumchapa, nakuomba usimchape. Wangu nilimkalisha mkekani, nikahesabu noti za 26,000 mbele yake, nikamwambia hizi ndizo zile almasi, na hizi zingetununulia mchele wa siku ngapi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama tunaweza kuzirudisha dukani. Bei aliiona kwenye skrini siku zote tatu, ila hakujua kwamba zile ni hela zilezile za kwenye mkoba wangu. Sasa akitaka kitu cha gemu anakuja kuniambia bei kwanza, na mara nyingine namnunulia.

Ukikwama kwenye kufuta vidole, andika hapa aina ya simu yako, nitakuelekeza hatua kwa hatua.