Betri ya pili ya gari la safari: kwa nini paneli ya sola haikuiokoa

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni dereva na mwongoza watalii wa Arusha. Gari langu ni Land Cruiser ya dizeli, nami nimeiongezea betri ya pili, ya maji, ya saa-ampea 100 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba), kwa ajili ya friji ya lita 40, taa za kambi na kuchaji simu na kamera za wageni. Betri hiyo huchajiwa na alteneta ya injini kupitia relei, yaani swichi inayoiunganisha injini inapowaka na kuiachia inapozimwa. Tulikuwa tukipiga kambi Seronera, ndani ya Serengeti, kwa siku tatu, na asubuhi ya siku ya tatu friji huwa imekwisha kujizima. Fundi mmoja akanifungia paneli ya wati 100 juu ya keria na kuunganisha nyaya zake moja kwa moja kwenye betri, akisema kwamba paneli ni ya volti 12 na betri ni ya volti 12, hivyo hakihitajiki kitu kingine. Miezi minne baadaye betri imevimba ubavuni, maji yake hukauka kila baada ya wiki mbili, na friji bado hujizima kambini. Je, paneli ni ndogo, au niliuziwa betri mbovu? Na je, paneli ya kukunja ingenifaa kuliko hii ya juu ya paa?

JIBU: Ndugu yangu, umenieleza dalili mbili ambazo kwa kawaida hazikai pamoja. Betri inayokausha maji na kuvimba imechajiwa kupita kiasi, ilhali betri inayozimisha friji alfajiri haijashiba. Kwako zote mbili ni za kweli, kwa sababu gari lako lina maisha mawili. Likiwa limeegeshwa uani Arusha baina ya safari moja na nyingine, friji imezimwa na paneli inapigwa na jua kutwa nzima, wala hakuna kinachoizuia kuendelea kusukuma umeme ndani ya betri iliyokwisha kujaa. Likiwa kambini, mahitaji ni makubwa na paneli, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini, haitoi hata nusu ya unachodhani inatoa. Kwa hiyo sidhani kwamba uliuziwa betri mbovu. Naamini betri ilikuwa nzima, ikaharibiwa na ufungaji.

Tuanze na hilo neno «volti 12», maana ndilo lililompotosha fundi wako. Geuza paneli usome kibandiko cha nyuma. Paneli inayoitwa ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizounganishwa kwa mfululizo. Isipofungwa popote hutoa volti 22 hivi, na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa kwenye volti 18 hivi. Ilifanywa hivyo kwa makusudi, ili iweze kuchaji betri hata siku ya joto au ya mawingu mepesi. Betri yenye njaa huivuta paneli ishuke hadi kwenye volti zake yenyewe, yaani 12 na kitu au 13 na kitu, na hapo hakuna madhara. Betri ikishajaa haiwezi kuivuta tena, volti hupanda hadi 15, 16 na zaidi, na umeme usio na pa kwenda hugeuka kazi ya kupasua maji ya betri kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwezi uliopita nilifungua vifuniko vya betri ya gari lililofungwa hivyo hivyo. Katika vyumba sita, vinne vilikuwa na maji chini ya ncha za bamba za risasi, na nilipovuta asidi kwa haidromita, bomba la kupimia asidi, ilipanda ikiwa ya kahawia, kama chai iliyokolea. Rangi hiyo ni unga wa bamba chanya uliomomonyoka, na unga huo haurudi mahali pake kwa kuongeza maji wala kwa kuchaji.

Kifaa kilichokosekana ni kidhibiti chaji, ambacho madukani wengi hukiita kontrola. Kazi yake ni kuruhusu umeme wote wa paneli uingie mpaka betri ifike volti 14.4 hivi, kuzishikilia volti hizo kwa muda huku ampea zikipungua zenyewe, kisha kushusha hadi volti 13.6 hivi na kubaki hapo bila kuichemsha. Usiku huzuia umeme usirudi kutoka kwenye betri kwenda kwenye paneli. Vipo vya aina mbili, na utaona herufi PWM au MPPT juu ya kasha. Cha PWM huiunganisha paneli na betri na kukata kwa haraka haraka inapohitajika, kwa hiyo paneli ya wati 100 hutoa ampea zake 5.5 kwenye volti 13 tu, yaani wati 72 hivi. Cha MPPT huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake 18 na kuzibadili volti za ziada kuwa ampea, ila bei yake ni kubwa zaidi. Kwa paneli moja ya wati 100 ningenunua PWM nzuri bila wasiwasi. Kwa wati 200 au zaidi, au kwa paneli kubwa za nyumbani zenye volti 30 na kuendelea, MPPT hulipa gharama yake. Chochote utakachochagua, kiwekee mpangilio wa aina ya betri yako, kwa maana betri ya maji, ya AGM (iliyofungwa, asidi yake ikiwa imenywewa na mikeka ya kioo), ya jeli na ya lithiamu hazichajiwi kwa volti zilezile. Na wakati wa kuunganisha, betri hutangulia na paneli hufuata, ili kidhibiti kitambue kwanza kinahudumia betri ya volti ngapi. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia.

Sasa tufanye hesabu ya friji, kwa sababu paneli nyingi hununuliwa kwa kukisia. Friji ya lita 40 ya kompresa huvuta ampea 4 hivi inapounguruma. Katika joto la mchana hukaribia nusu ya muda wote ikiwa inafanya kazi, na usiku hupungua. Tuchukue wastani wa asilimia 40. Ampea 4 kwa saa 24 kwa asilimia 40 ni saa-ampea 38. Ongeza taa za LED, simu na betri za kamera, utafika 45 kwa siku. Mgeni akichaji kompyuta ya mkononi kupitia inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) kwa saa mbili, ongeza nyingine 10 au zaidi. Betri ya asidi na risasi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo saa-ampea zako 100 ni 50 tu za kutumia kila siku bila kuiumiza. Yaani hata betri ingekuwa mpya, inakubeba siku moja.

Upande wa mapato, nchi yetu ina jua la kutosha. Kwa hesabu za kawaida mafundi hutumia saa tano za jua kamili kwa siku. Ampea 5.5 kwa saa 5 ni saa-ampea 27, na ukiondoa vumbi la barabara na upotevu wa ndani ya betri, unabaki na 22 hivi. Hizo ni nusu ya matumizi yako. Nusu nyingine lazima itoke kwenye alteneta au kwenye paneli ya pili.

Hapa naomba usome kwa utulivu, kwa kuwa ndipo madereva wengi wanapokosea. Mnapotoka asubuhi kutazama wanyama kwa saa mbili, alteneta huirudishia betri iliyopungua umeme mwingi kwa haraka, lakini kwa sehemu ya kwanza tu. Betri ya asidi ikifika asilimia 80 hivi huanza kukataa ampea kubwa, na ile asilimia 20 ya mwisho huhitaji saa kadhaa za kuchajiwa polepole, hata ukiwa na alteneta ya ampea 100. Hakuna dereva anayeungurumisha injini kambini kwa muda wa saa nne kwa ajili hiyo. Matokeo yake ni betri inayoishi kati ya asilimia 50 na 80 mwaka mzima bila kujaa, bamba zake zikiota salfeti ngumu mpaka saa-ampea 100 zinabaki 40. Paneli ndiyo iliyoumbwa kwa kazi hiyo ya polepole: alteneta ikipakia mzigo mkubwa asubuhi, paneli humalizia kuanzia saa nne hadi saa kumi. Kwa hiyo usiiondoe relei ukidhani sola imechukua nafasi yake. Hakikisha tu kwamba inaachia kweli injini inapozimwa, kwa sababu relei iliyonata huiacha friji inyonye betri ya kuwashia gari, na Serengeti si mahali pa kushuka kusukuma gari.

Kuhusu paa au paneli ya kukunja, jibu limo katika namna unavyoegesha. Kambi za Seronera zina migunga, na dereva yeyote mwenye busara huliweka gari chini ya kivuli ili friji isiteseke na wageni wasiungue. Ukifanya hivyo, paneli ya juu ya keria imekwisha kazi. Watu hudhani kivuli cha tawi moja hupunguza umeme kidogo tu. Seli zile 36 zimepangwa kwa mfululizo, na paneli nyingi za ukubwa huu zina diodi mbili za kuruka kivuli. Seli moja ikizibwa kabisa, nusu ya paneli hurukwa, volti 18 zinabaki 9, na volti 9 haziwezi kuingiza chochote kwenye betri ya volti 12. Hii ndiyo sababu ya pili ya friji yako kujizima, nami naishuku zaidi kuliko udogo wa paneli.

Ushauri wangu ni kubaki na ile ya paa, ambayo itakuhudumia barabarani na wakati mko porini, na kuongeza ya kukunja ya wati 100 utakayoitandaza juani huku gari likibaki kivulini. Zifunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili moja ikiingia kivulini nyingine iendelee. Seronera iko takriban digrii mbili na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo Machi na Septemba jua la saa sita hukaa karibu utosini na paneli inaweza kulala chini. Mwezi wa Juni iinue ielekee kaskazini, na Desemba ielekee kusini. Ukiigeuza mashariki asubuhi na magharibi alasiri utapata zaidi. Jua likizama iingize ndani, maana fisi hutafuna nyaya.

Paneli nyingi za kukunja huuzwa zikiwa na kidhibiti kilichobandikwa mgongoni. Kiondoe, au nunua isiyo nacho. Waya wa milimita mraba 2.5 wenye urefu wa mita 10, kwenda na kurudi mita 20, ukipitisha ampea 6 hupoteza volti 0.84. Kidhibiti kikiwa kwenye paneli kitaona volti 14.4 na kuanza kupunguza chaji, wakati betri yenyewe inapata 13.56 tu, na itachelewa sana kujaa. Kikiwa karibu na betri, kwa waya mnene usiozidi mita moja, hupima ukweli, na upotevu ule hubaki upande wa paneli ambako kuna volti za ziada za kufidia. Kisiwekwe chini ya boneti, kwani vidhibiti vizuri hurekebisha volti kulingana na joto, na joto la injini litakidanganya. Weka fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri. Bila fyuzi, waya uliochubuka ukigusa bodi ya gari huwaka moto.

Betri iliyovimba usijaribu kuifufua. Itoe garini leo, ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na asidi yake ndani, wala usiimwage uani. Unapochagua nyingine, usichukue betri ya kuwashia gari. Chukua ile ambayo madukani huitwa betri ya sola, na ikiwa itakaa nyuma ya viti, walipo wageni, iwe ya AGM iliyofungwa, kwa kuwa betri ya maji hutoa haidrojeni inapochajiwa. Ukisikia harufu ya mayai viza ndani ya gari, fungua milango yote, usiwashe kiberiti, na utenganishe paneli kwa kuifunika kwanza kwa turubai.

Kila kitu kikishafungwa, kipime kambini. Alfajiri ya siku ya pili, kabla jua halijaigusa paneli, zima friji kwa nusu saa na upime volti kwenye vichwa vya betri. Ukisoma 12.3 au zaidi, mpango wako unatosha hata kwa siku tano. Ukisoma chini ya 12.1, rudia kipimo hicho saa kumi jioni friji ikiwa inafanya kazi na jua likiwaka: volti zikiwa 13.5 au zaidi, paneli zinafanya kazi yake na matumizi ndiyo makubwa mno, basi anza kupunguza kwa ile inveta ya kompyuta; zikiwa 12.6, umeme wa paneli hauifikii betri, na hapo fuata waya kiungo kwa kiungo kuanzia kwenye betri kurudi nyuma hadi uone kilicholegea.